Kumwambia manusura "si kosa lako" hakutoshi

Mhariri,

Habari za ubakaji na unajisi zinapochapishwa huku Pwani, aghalabu hufungwa kwa nasaha: wasichana wajihadhari na kutembea usiku, wazazi wachunge mavazi ya watoto, vijana waepuke marafiki wabaya. Anayeandika hayo huwa na nia njema. Lakini miongoni mwa wasomaji wake wamo ambao jambo lenyewe lishawafika, wengine juzi, wengine miaka 20 iliyopita, nao huzisoma nasaha hizo kama hukumu. Nilitembea usiku. Nilimfuata rafiki. Nilikuwa nimevaa lile dera (na dera, tukumbushane, ni vazi ambalo hata ukitaka huwezi kulifanya la staha zaidi). Sisi tunaofanya kazi ya ushauri nasaha na manusura hapa Mombasa tunaomba nafasi tueleze kujilaumu huko hushika vipi na huondolewa vipi. Ni kazi yenye utaratibu wake, na wengi huijaribu nyumbani bila kuujua.

Si jambo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walidhulumiwa kingono kabla ya kufika miaka 18. Ulipofanywa tena mwaka 2019, idadi ilikuwa imeshuka hadi asilimia 15.6 kwa wanawake na 6.4 kwa wanaume. Kushuka ni jambo la kushukuru, lakini wale wa 2010 hawakwenda popote. Ni watu wazima sasa, wana kazi na watoto, na wengi wao hawajamwambia mtu.

Watu hudhani manusura hujilaumu kwa sababu ana la kuficha. Sivyo. Kujilaumu kunamsaidia, tena sana. Mtu akikubali kwamba alifanyiwa unyama bila kosa lolote, itambidi akubali pia kwamba unaweza kumrudia kesho mchana kweupe, akiwa amejistiri na hana hili wala lile. Hilo halibebeki. Akisema "ni mimi, nilipita kichochoroni," basi kesho atapita barabara kuu na atakuwa salama, au ndivyo atakavyojiaminisha. Kwa mtoto mambo ni mazito zaidi, kwa maana aliyemuumiza mara nyingi ni baba wa kambo, mjomba, mwalimu, ustadh, mchungaji, yaani mtu anayemlisha au anayemsomesha. Mtoto wa miaka 8 hawezi kuendelea kulala katika nyumba hiyo akiamini kwamba mkubwa wake ni mbaya. Ni rahisi kwake kuamini kwamba mbaya ni yeye.

Kwa hivyo anayemkatiza manusura na kumwambia "acha kujilaumu" anamnyang'anya kitu alichokishikilia bila kumpa kingine. Yule ataitikia "ndiyo, nimeelewa," kisha usiku yuko macho.

Kuna sababu ya pili ya maneno hayo mazuri kutoingia. Karibu kila manusura ana kipande kimoja cha kisa ambacho hajakisema. Labda alimchekea yule mtu. Labda alipokea nauli. Labda alirudi mara ya pili, au mwili wake uliitikia. Unapomwambia si kosa lake kabla ya kukisikia kipande hicho, yeye hujijibu moyoni: angejua yote, asingesema hivi. Faraja yako inageuka kuwa ushahidi kwamba amekudanganya.

Siku ya kwanza, basi, yanatosha maneno machache: "Pole mwanangu. Nimekuamini. Umefanya vyema kuniambia. Aliyekosa ni yeye." Usimjadili, usimhutubie. Maswali ya "kwa nini" yaache kabisa, hata yale ya upole. "Kwa nini hukuniambia?" kutoka kwa mama anayelia ni swali la uchungu, lakini mtoto husikia shtaka. Uliza "ilikuwaje?" na "sasa unaogopa nini?" Na usiahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu itakubidi umwambie daktari, na pengine polisi, halafu mtoto ataona kafanya kosa kukuamini.

Kazi yenyewe huanza baadaye, akishakuwa salama na ametibiwa. Mwombe aandike, kwa mkono wake, sentensi nzima inayoanza "Ni kosa langu kwa sababu…" Asiyejua kuandika aseme, nawe uandike neno kwa neno bila kulirekebisha. Lawama ikiwa ukungu tu kichwani haishikiki. Ikishakuwa sentensi, inaweza kuulizwa. Wengi huwa na sentensi tano au sita. Zichukueni moja moja, na msiruke kwenda nyingine kabla ya kumaliza ile iliyoko mezani. Kila sentensi iulizwe mambo matatu. Saa ile, si leo, ulijua nini? Kulikuwa na njia gani nyingine, na kila moja ungetarajia iishe vipi? Je, ulikusudia hayo yatokee? Mfano wa mazungumzo ya namna hii:

"Ningepiga kelele."

"Nani angesikia?"

"Majirani. Lakini redio ilikuwa juu."

"Yeye alikuwa amekwambia nini?"

"Nikitoa sauti atanikata."

"Ulimwamini?"

"Alikuwa na kisu."

"Basi ulipokuwa umenyamaza, ulikuwa unajaribu kufanya nini?"

Hapo pana kimya, na kimya hicho ndicho washauri wapya hukiharibu. Wanaona huruma, wanajibu wenyewe: "Ulikuwa unajaribu kujiokoa!" Jibu likitoka kwako ni maoni yako. Likitoka kwake, hata kama ni maneno mawili tu, "nisife", ni lake, ataondoka nalo. Subiri. Dakika nzima ya kimya haiui mtu.

Swali la njia nyingine linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kila anayejilaumu huwa na filamu ya pili kichwani, na katika filamu hiyo kila kitu huishia vyema: angepiga kelele wangekuja, angekimbia angefika, angesema mapema angeaminiwa. Mwache aichore filamu hiyo mpaka mwisho, kwa watu halisi wa nyumba ile. Angemwambia nani? Huyo angesema nini? Aliyesema kabla yake alifanywa nini? Mara nyingi hugundua mwenyewe kwamba njia aliyojilaumu kwa kutoifuata haikuwepo, au ilikuwepo na ingempeleka pabaya zaidi.

Sentensi inayojitokeza kuliko zote ni "sikupigana naye". Hii ina jibu la kimwili, na inafaa kila mtu alijue. Hofu ikizidi kiwango, mwili una njia tatu: kukimbia, kupigana, na kuganda. Mtu hachagui. Kuganda huja pale ubongo unapoona kwamba kukimbia na kupigana vyote vimefungwa. Miguu hukakamaa, sauti hupotea, wengine huhisi wametoka mwilini na kujitazama kwa mbali. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya wanawake 298 waliofika katika kliniki ya dharura ya waliobakwa jijini Stockholm. Asilimia 70 waliripoti kuganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio, na asilimia 48 kwa kiwango cha kupindukia. Na walioganda ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuugua msongo wa baada ya kiwewe na sonona miezi sita baadaye. Kwa hivyo anayemuuliza manusura "mbona hukujitetea?" anamchoma yule aliye karibu zaidi na ugonjwa.

Sentensi inayofichwa kuliko zote ni ile ya mwili kuitikia. Wavulana hasa hufa nayo. Msisimko, hata kufika kileleni, unaweza kutokea mtu akiwa katika hofu na maumivu, kwa sababu viungo hivyo huendeshwa na mishipa isiyongoja idhini, kama vile macho yanavyotoa machozi ukikata kitunguu bila ya kuwa na msiba. Wahalifu wanalijua hilo, na hulitumia: "unaona, hata wewe ulipenda." Mshauri asisubiri manusura alitaje. Alitaje yeye kwanza, kwa maneno ya kawaida: "Baadhi ya watu mwili huitikia, na hiyo si ridhaa." Kisha aendelee na mengine. Aliyelibeba atalisikia, hata asipoinua kichwa. Na kwa mvulana aongeze kwamba sheria yetu inapozungumzia kubakwa husema mtu, haisemi mwanamke, na kwamba lililompata halimbadilishi kuwa kitu kingine. Wanaowaharibu wavulana hapa kwetu, awe mwenyeji au mtalii aliyeahidi karo, hutegemea aibu hii kuliko wanavyotegemea kufuli.

Kisha kuna zawadi. Dhuluma ya watoto mara nyingi haianzi kwa nguvu. Huanza kwa mabuyu na achari, kwa kulipiwa tuktuk, kwa bando la simu, kwa kusifiwa. Halafu siri ndogo isiyo na madhara: usimwambie mama nimekununulia. Halafu mguso unaoweza kusemwa ni bahati mbaya. Siku jambo kubwa linapotokea, mtoto tayari ana siri tano za kutunza, na kila moja aliikubali. Hapo mkubwa hahitaji panga, anachohitaji kusema ni "mwambie mamako, nami nitamwambia ulivyokuwa ukipokea." Mtu mzima anayejilaumu kwa hayo mpeleke akamtazame mtoto wa umri ule aliokuwa nao. Akae nje ya shule wakati wa kutoka, awaangalie watoto wa darasa la tatu wanavyogombea mabuyu. Jinsi walivyo wadogo huwashtua wengi, kwa sababu katika kumbukumbu zao wao walikuwa wakubwa tayari.

Vipi yule ambaye kweli kuna alilokosea? Alimdanganya mama kwamba anakwenda madrasa, akaenda ufuoni. Alikunywa. Alitafuna muguka na wavulana. Usilifute kosa hilo kwa kumwambia hakukosea chochote. Anajua alikosea, na ukilifuta hatakuamini katika lile kubwa. Lipime kwa kipimo chake. Kumdanganya mama adhabu yake ni kugombezwa na kunyimwa simu wiki moja. Hakuna nyumba wala mahakama ambapo adhabu yake ni kubakwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema wazi kwamba aliyelala, aliyezimia, aliyelewa kiasi cha kutoweza kuamua, na mtoto, hawahesabiwi kuwa wameridhia. Kifungu hichohicho kinamtaja pia mtu aliyeshindwa kuonyesha kukataa kwake kwa sababu aliyemtenda alitumia vibaya mamlaka juu yake. Walioitunga walijua kwamba mwanafunzi hamwambii mwalimu "sitaki" kwa sauti.

Chombo kinachofaa zaidi hapa ni duara. Chukua karatasi, geuza kikombe, uzungushe penseli. Duara hilo ndilo lawama yote, mia kwa mia, nalo litagawanywa vipande. Pembeni andikeni orodha ya wote waliohusika: aliyetenda, aliyempa ufunguo, aliyesikia akanyamaza, aliyempa sifa za uongo mbele ya wazazi, na wa mwisho kabisa, manusura. Mpangilio huo una sababu yake. Ukianza na manusura atajipa 60 kwa mia, na wengine wote watagawana kilichobaki. Ukianza na wengine, kila mmoja akapewa sehemu yake kwa haki, hufika mwisho akakuta duara limejaa. Mwache agawe mwenyewe. Usimshike mkono.

Duara hili huharibika kwa namna moja. Mama, kwa sababu ndiye wa karibu na ndiye anayependwa, huvutia lawama. Unaweza kukuta mama ana 50 na mbakaji ana 30. Hapo ndipo tunatenganisha mambo matatu: kukusudia, kuzembea, na kutojua. Aliyekusudia ni mmoja tu, na kusudi halichangiwi na mtu mwingine. Mama aliyekuwa zamu ya usiku kiwandani hakujua. Jirani aliyesikia akaongeza sauti ya televisheni alizembea. Andika neno mojawapo kati ya haya matatu kando ya kila jina kabla ya kugawa namba, na hesabu hubadilika. Mama naye ana kujilaumu kwake, na apate mtu wake wa kuzungumza naye. Asimfanye mtoto amfariji.

Inatulazimu kusema pia juu ya lawama ambayo sisi wenyewe, wahudumu, tunaizalisha. Tunatangaza kila mahali: usioge, usibadilishe nguo, fika hospitalini ndani ya saa 72. Matangazo hayo ni ya kweli. Dawa za kukinga maambukizi ya Virusi vya Ukimwi lazima zianze kabla ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28 mfululizo. Za kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, ingawa kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Nguo zilizovuliwa zifungwe katika karatasi ya kaki au gazeti kuukuu, zisitiwe katika nailoni, kwa kuwa nailoni hutunza unyevu na ushahidi huoza. Lakini tangazo likiishia hapo, aliyeoga anasikia kwamba ameharibu kesi, na aliyefika siku ya tano anasikia kwamba hana haja ya kuja. Tangazo lina nusu ya pili, nayo isemwe kwa sauti ileile: aliyeoga bado aje. Kuoga ndilo jambo la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya. Aliyechelewa bado aje, kwani chanjo ya homa ya ini aina ya B, matibabu ya magonjwa ya zinaa, vipimo, ushauri na kujazwa kwa fomu ya huduma baada ya kubakwa havifungwi na saa 72. Katika hospitali za umma huduma hizi ni bure, na Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani ina kituo maalumu cha waliodhulumiwa kijinsia.

Fomu hiyo nayo ina mtego. Ndani yake mna maswali kuhusu hali ya nguo, kama mtu ameoga, kama amekwenda haja, na kama alimwachia mtendaji alama yoyote mwilini. Kwa daktari hayo ni maswali ya kutafuta ushahidi. Kwa manusura la mwisho ni "ulipigana?" na la kwanza ni "ulivaa nini?" Muuguzi akitanguliza sentensi moja, "Haya nayaulizia ushahidi, si kukupima wewe, na hakuna jibu baya," huokoa mengi. Vivyo hivyo kwa askari wa dawati la jinsia kabla ya kuandika taarifa. Manusura aondoke na nakala yake ya fomu. Ni haki yake, na kwa wengine ndiyo karatasi ya kwanza inayosema kwa maandishi kwamba waliaminiwa.

Baada ya kushtaki, lawama hubadili sura. Sasa ni "nimemfunga baba", "nimevunja nyumba", "wadogo zangu wanalala njaa kwa ajili yangu". Shangazi huja jioni na habari kwamba wazee wamekaa, yamezungumzwa, gharama za hospitali zitalipwa, ni vyema kusitiriana. Katika kumalizia nyumbani namna hii, mtoto hujifunza kwamba aliyeleta fedheha ni yeye, na kwamba kilichompata kina bei. Mwelezeni hivi: kesi ya jinai si yake. Mlalamishi mahakamani ni Jamhuri; yeye ni shahidi. Hana mamlaka ya kumfunga mtu wala ya kumfungua, na kwa mujibu wa kifungu cha 40 cha ile Sheria ya Makosa ya Kingono, wazee wa mtaa pia hawana. Uamuzi wa kuiondoa kesi uko kwa mkuu wa mashtaka ya umma. Mtoto wa miaka 12 akilielewa hilo, utaona mabega yakishuka. Anayejilaumu kwamba hakuwa na shahidi ajue kuwa mahakama inaweza kutia hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kumwamini. Na anayeogopa kuulizwa alikuwa na wapenzi wangapi ajue kwamba kifungu cha 34 hakiruhusu historia hiyo iletwe bila ruhusa ya mahakama.

Kuna mlango ambao sisi washauri hatuna ufunguo wake, nao ni wa dini. Katika mji huu manusura wengi humwendea imamu au mchungaji kabla ya kuja kwetu, na wengine huambiwa watubu. Watubu nini? Sura ya An-Nur, aya ya 33, inapowataja wanawake waliolazimishwa, inafuatisha msamaha na rehema ya Mwenyezi Mungu baada ya kulazimishwa kwao. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inasema umma umesamehewa walilolikosea, walilolisahau na walilolazimishwa. Kumbukumbu la Torati 22:26 inasema msichana aliyeshikwa kwa nguvu hana dhambi, na inalifananisha tukio hilo na mtu kumwinukia mwenziwe akamwua. Tunawaomba masheikh na wachungaji wayaseme haya hadharani, katika darsa na katika mahubiri, si faraghani tu, maana anayeyahitaji hajajitambulisha. Na kuna jambo dogo lenye uzito mkubwa: wako wanaokoga mara nne au tano kwa siku, miezi mingi baada ya tukio, hadi ngozi inababuka, kwa kuamini hawajatwaharika. Neno la ustadha anayeheshimiwa, kwamba josho moja latosha, linaweza kumfaa huyo kuliko vikao vyetu vingi. Msamaha kwa mtendaji, tafadhali, usiletwe mezani na mtu mwingine. Manusura akitaka kuuzungumzia, atauleta mwenyewe.

Ikiwa kuna anayedhani mbinu hizi ni za Wazungu na hazifai huku, na zijulikane za Kongo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa mashariki mwa nchi hiyo kwa wanawake waliodhulumiwa kingono. Vijiji 7, wanawake 157, walipata tiba ya kikundi ya kuyachunguza mawazo ya aina hii, kikao kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kikundi. Vijiji 8, wanawake 248, walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza na 42 katika la pili. Walioiendesha tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii wa hukohuko, waliofundishwa na kusimamiwa. Mombasa haikosi watu wa namna hiyo. Wanaohitajika ni wa kuwafundisha na wa kuwasimamia.

Hatari moja isingoje kikao. Manusura akianza kusema "ningekuwa sipo mngepumzika", akigawa vitu vyake, au akitulia ghafla baada ya wiki za dhiki, muulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akiitikia, asiachwe peke yake, na dawa na sumu ya panya ziondolewe nyumbani. Woga kwamba atashtakiwa kwa kujaribu usimzuie mtu kumpeleka hospitalini. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba. Nambari 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya bure kwa watoto. Tungefurahi kuziona, Mhariri, chini ya kila habari ya aina hii.

Na wanaokwisha kupona wasishtuke lawama ikirudi. Hurudi kwa vipindi vinavyojulikana: harusi, kujifungua, binti anapofika umri uleule, mtendaji anapomaliza kifungo na kuonekana tena kwenye feri ya Likoni. Hiyo si dalili kwamba kazi ya mwanzo ilikuwa bure. Mara nyingi ni sentensi moja mpya, haikuwepo zamani: "Kama sikujilinda mimi, nitamlindaje huyu?" Iandikwe, iulizwe maswali yaleyale matatu. Kwa kawaida haihitaji kuanza upya. Vikao viwili au vitatu hutosha, na aliyewahi kuifanya kazi hii mara moja huenda kwa kasi zaidi mara ya pili.

Washauri nasaha,
Kisauni, Mombasa